Jiwe, kigae au fremu? Kuchagua zawadi ya picha ya mji wa zamani ukiwa Dodoma

Dodoma hatuishiwi watu wa kuaga. Idara hii inamuaga mkurugenzi anayestaafu, ile inamsindikiza mtumishi aliyehamishiwa Singida, na UDOM kila mwaka inatoa wahitimu wake. Kamati ya michango ikikutana, kazi ya kutafuta "kitu cha kumbukumbu" humwangukia mtu mmoja. Mtu huyo akifungua simu anakutana na vipande vya marumaru vyenye picha za miji ya zamani: treni ya moshi stesheni, mtaa wa Dar es Salaam usio na gari hata moja, jahazi mbele ya Beit el-Ajaib, lile jumba la Zanzibar. Vinavutia. Pembeni yake kuna vigae vya kauri vyenye picha ileile kwa bei ya chini, na chini zaidi kuna fremu ya kioo ya kawaida.

Msimamo wangu ni huu. Kama mpokeaji ataiweka kabatini au juu ya meza aitazame, mnunulie jiwe. Kama ataweka juu yake glasi na kikombe kila siku, mnunulie kigae cha kauri. Na kama picha mliyo nayo ni ya kuungaunga, achaneni na vyote viwili, tengenezeni fremu.

Kwanza hakikisha ni jiwe

Muuzaji akisema "marumaru" si lazima awe anakudanganya. Mtaani kila kinachong'aa sakafuni huitwa hivyo. Kwa hiyo usibishane naye kuhusu jina, geuza bidhaa.

"Bosi, hii ndiyo marumaru yenyewe, shika uone ilivyo baridi."

"Naona, kaka. Hebu igeuze nione mgongo."

Ubaridi hauthibitishi kitu, maana kigae cha kauri nacho ni baridi. Mgongo ndio unaosema kweli. Kigae kina mistari au vibonyeo vya kiwandani vya kushikia saruji, mara nyingi na jina la kiwanda, na mwili wake ni udongo uliochomwa, mwekundu au mweupe, tofauti kabisa na uso. Jiwe halina sura mbili: mshipa wa kijivu unaouona usoni unashuka ubavuni na kutokea nyuma. Kama nyuma kumebandikwa kitambaa au mpira, angalia ubavu. Ubavu pia ndio unaofichua aina ya tatu, ubao wa MDF uliovalishwa stika yenye mishipa ya marumaru. Kwenye pembe utaona stika imekunjwa au imeanza kunyanyuka.

Ukibaki na shaka, omba ruhusa udondoshe tone la ndimu au siki mgongoni, kamwe si usoni. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, hivyo tone hilo hutoa vipovu vidogo. Kauri na granaiti hazitoi chochote.

Kingo za vipande vingi vya jiwe vya zawadi zimelika kidogo, na wateja wengine huvirudisha wakidhani ni vibovu. Zimefanywa hivyo makusudi: vipande huzungushwa kwenye pipa pamoja na maji na changarawe mpaka pembe zilainike, ndipo vipate sura ya kitu cha kale. Matokeo yake, seti ya vinne haitakuwa na vipande viwili vinavyolingana sawasawa. Kuna watu hiyo ndiyo raha yao. Lakini kama unamjua mpokeaji ni yule anayepanga hata kalamu zake kwa urefu, mpe kigae.

Meza zetu na jiwe haziivani

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo, na ndipo matangazo ya wauzaji wa nje hayatusaidii, kwa sababu wao hupiga picha kipande cha marumaru kikiwa na kikombe cha kahawa juu yake basi.

Kilekile kinachotoa vipovu mgongoni ndicho kinachoharibu uso. Asidi inakula marumaru. Sasa fikiria meza ya nyumba ya Dodoma Jumamosi jioni: juisi ya ukwaju, ndimu pembeni ya nyama choma, kachumbari yenye siki, soda, na kwa kuwa tuko kwenye nchi ya zabibu, chupa ya mvinyo mwekundu. Vyote hivyo vina asidi. Tone la ukwaju likikaa chini ya glasi usiku kucha, asubuhi unakuta duara lililopoteza mng'aro, na ukipitisha kidole unahisi pale pamekuwa pakavu kuliko pembeni. Hata usugue vipi halitoki, kwa kuwa hakuna uchafu pale. Jiwe lenyewe limeliwa. Kulirudisha ni kulisugua upya kwa msasa, na msasa ukipita, picha nayo imekwenda.

Muuzaji atakwambia jiwe limepakwa dawa ya kuziba vinyweleo. Huenda ni kweli, na ni jambo jema, lakini dawa hiyo inazuia madoa ya mafuta na rangi kuzama ndani. Haizuii asidi kugusa uso. Mvinyo mwekundu una mambo yote mawili, rangi na asidi, kwa hiyo dawa itakuokoa nusu.

Kisha kuna maji yetu. Mitaa mingi hapa maji yana chumvi, na chochote ukikisuuza kikaachwa kikauke chenyewe kinabaki na ukungu mweupe. Kila nyumba inajua dawa yake: ndimu, siki, na wengine huenda mbali zaidi wakachukua dawa kali ya chooni. Kwenye kigae cha kauri ukifuta kwa siki na kusuuza, mambo yamekwisha, kwa sababu uso wake ni utando wa kioo uliochomwa kwenye tanuri. Kwenye marumaru umeondoa ukungu na ngozi ya jiwe kwa pamoja. Jiwe la picha linafutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo ya vyombo, kisha linakaushwa papo hapo. Andikeni hivyo kwenye kikaratasi mkiweke ndani ya boksi, maana anayelisafisha mara nyingi si yule aliyepewa.

Kwa hiyo jiwe lisimame. Nunua na kisimamio kidogo cha mbao au cha waya, kiende juu ya kabati la televisheni, mbali na jua la dirishani na mbali na mezani. Kigae ndicho kibaki chini ya glasi.

Mikwaruzo nayo iko upande wa kigae. Marumaru ni jiwe laini. Ncha ya kisu inaacha alama bila shida, na vumbi letu la kiangazi lina chembe za mchanga zinazosaga uso kidogo kidogo kila unapofuta kwa nguvu. Puliza kwanza, ndipo ufute.

Uliza picha imewekwaje

Wanaouza hujibu "tunaprinti" na kuishia hapo. Wewe endelea kuuliza, kwa sababu kuna njia tatu na haziishi umri mmoja.

Ya kwanza ni sublimesheni. Wino hupashwa joto la kama nyuzi 200 za Selsiasi ukageuka mvuke na kuingia ndani ya koti la plastiki lililopakwa awali. Jiwe tupu halishiki wino huu, lazima liwe na koti. Faida yake ni kwamba picha iko ndani ya koti, haibanduki kwa kucha, na koti hilohilo linalikinga jiwe kidogo dhidi ya ndimu, ingawa kingo hubaki wazi. Udhaifu wake ni jua: likiupiga kila siku rangi hufifia. Pia hakuna wino mweupe. Sehemu zote nyeupe za picha ni jiwe lenyewe linaloonekana.

Hili la weupe linaamua uzuri wa kazi nzima. Chukua picha ya rangi ya hudhurungi ya mtaa wa miaka ya 1930 uiweke kwenye jiwe la rangi ya malai: mbingu inakuwa malai, vumbi la barabara linakuwa malai, na unaweza kuapa picha ilizaliwa na jiwe hilo. Ichukue picha hiyohiyo uiweke kwenye marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, uone mshipa unavyokatiza angani juu ya paa la stesheni hadi mtu akuulize huo ni ufa au ni waya wa simu. Mshipa ukipita usoni mwa mtu ndiyo balaa. Mwombe fundi akutumie picha ya kipande kilekile atakachotumia kabla hajaprinti, si picha ya sampuli ya dukani.

Njia ya pili ni mashine ya UV, ambayo wino wake hukaushwa na mwanga papo hapo juu ya uso. Hii ina wino mweupe, kwa hiyo inaweza hata jiwe jeusi, na haihitaji joto kubwa. Ila wino umekaa juu. Ukipitisha kidole unauhisi, na kitu chenye ncha kinaukwangua. Kwa jiwe la kusimama kabatini hakuna tatizo. Kwa kitu cha kuwekewa glasi, uliza kama limepakwa varnishi juu.

Ya tatu ni karatasi iliyogandishwa kwa gundi kisha ikapakwa varnishi. Inapendeza siku ya kwanza. Maji ya glasi yakipenya pembeni, karatasi inavimba. Hii mwanao anaweza kukutengenezea nyumbani. Usiilipie bei ya jiwe lililoprintiwa.

Picha ndiyo zawadi yenyewe

Watu hutumia saa nzima kuchagua jiwe na dakika mbili kuchagua picha. Ingefaa iwe kinyume.

Tatizo letu ni kwamba Dodoma ni mji mchanga. Wajerumani waliuanzisha 1907 wakati wa ujenzi wa reli ya kati, reli iliyoanza Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Zanzibar na Dar es Salaam zilikuwa na wapiga picha na kadi za posta nyingi mapema. Sisi picha za zamani ni chache. Ndiyo maana wauzaji hukupa picha ya mji mwingine na kukwambia "ni hukuhuku Tanganyika". Kwa mtu aliyefanya kazi Dodoma miaka 25, jiwe lenye bandari ya Zanzibar ni pambo tu. Ila kama ni Mzanzibari anayerudi kwao, hapo Beit el-Ajaib ina uzito wake: jumba lilijengwa 1883 na sehemu yake ikaporomoka Desemba 25, 2020, kwa hiyo picha ya zamani inaonyesha kitu ambacho hakionekani tena vile.

Miaka iliyoandikwa kwenye bidhaa ihakiki. Picha ya treni yenye maandishi "Dodoma 1895" ni uongo mtupu, reli haikuwepo. "Tanganyika 1908" ni maandishi ya baadaye, kwa kuwa jina hilo lilianza kutumika rasmi 1920 chini ya Waingereza. Mtaa wa Dar es Salaam wenye sanamu ya Askari hauwezi kuwa wa enzi za Mjerumani. Sanamu ile ni ya 1927. Mzee anayestaafu kutoka Wizara ya Elimu akipewa jiwe lenye mwaka wa uongo ataona kabla hajashuka jukwaani.

Picha nyingi za enzi za Mjerumani zinazozunguka mtandaoni ni za mpiga picha Walther Dobbertin, na zimehifadhiwa na Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Ujerumani, iliyozipeleka Wikimedia Commons mwaka 2008 pamoja na makumi ya maelfu ya picha nyingine. Mambo mawili hapo. Leseni yake inaruhusu matumizi lakini inadai mtaje hifadhi na mpiga picha, kwa hiyo maneno hayo yaandikwe nyuma ya jiwe. La pili, nyingi zimepewa tarehe ya jumla tu, 1906/18, hivyo anayekuandikia "1911" amebahatisha.

Kuna la tatu, la kiufundi, ambalo linavunja mioyo ya wengi. Nakala hizo za bure mara nyingi zina pikseli kama 800 tu upande mrefu. Kwa uchapaji mzuri unahitaji kama pikseli 1,200 kwa kipande cha sentimita 10, 1,800 kwa cha sentimita 15 na 2,400 kwa cha sentimita 20. Picha ya pikseli 800 itavumilika kwenye kipande kidogo, lakini kwenye cha sentimita 20 nyuso zitakuwa ukungu. Mkusanyiko wa Matson wa Library of Congress ya Marekani, wenye picha za safari ya Afrika Mashariki ya 1936, unatoa mafaili makubwa zaidi. Na picha yoyote usiipitishe WhatsApp kama picha ya kawaida, itabanwa. Itume kama dokumenti.

Fundi mwingine atajitolea "kuiboresha" kwa akili unde. Kataa, au angalau itazame kwa makini kazi iliyorudi. Programu hizo hazirudishi kilichopotea, zinabuni: bango la duka linageuka herufi zisizosomeka, mtu wa pembeni anapata sura ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Kuhusu watu kwenye picha, nina neno. Picha nyingi za wakati ule zilipigwa na watawala wakipiga "wenyeji", watu wasio na majina, wengine wakiwa wabeba mizigo. Ukimpa mzee wa Kigogo jiwe lenye picha ya namna hiyo kama pambo la kabatini, sijui unategemea afurahi wapi. Majengo, mitaa, stesheni na majabali vinatosha.

Na kwa Dodoma, albamu ya nyumbani mara nyingi inashinda kadi ya posta. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipita 1973, CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikaundwa mwaka huohuo, na kuna watumishi waliokuja wakati huo ambao wana picha zao wakiwa Chimwaga, stesheni, au mbele ya nyumba ya kwanza waliyopewa. Ongea na mke wake au watoto wake kwa siri, iombe picha moja, iskani vizuri. Picha hizo zina umri wa kutosha kuitwa za zamani, na hakuna duka linaloweza kuziuza.

Wanaopenda ramani na ratiba nao wana chaguo. Miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways za kutoka London kwenda Cape Town zilikuwa zikitua Dodoma, na ratiba ya zamani yenye jina la mji wetu kati ya Moshi na Mbeya ni zawadi ya kuchekesha kwa mtu wa uchukuzi. Ila iwe kwenye kigae cheupe. Mistari na maandishi madogo kwenye jiwe lenye mishipa havisomeki.

Granaiti nyeusi, hapana

Mafundi wanaokata kaunta za jikoni wana vipande vilivyobaki na wanaweza kukupa kwa bei nafuu. Vingi ni granaiti, haviliwi na ndimu, na mashine ya leza huchora juu yake vizuri sana. Shida ni kwamba picha ya kijivu iliyochongwa kwenye jiwe jeusi linalong'aa kila mtu ameshaiona mahali pengine, makaburini. Mstaafu wa miaka 60 hatawashukuru. Ukipata kwao kipande cha marumaru ya malai, sawa, ila kumbuka vipande vya kaunta mara nyingi vina unene wa sentimita 2.

Fremu ya kioo sina mengi ya kuisema. Ni nyepesi, picha inaweza kuwa kubwa, ikipata hitilafu inafunguliwa na kubadilishwa, na duka lolote la picha Uhindini wataitengeneza. Haina ule mshangao wa mkononi ambao jiwe linao mtu akilishika, lakini kwa picha dhaifu inayohitaji pambizo pana nyeupe, au kwa kundi la watu 30 wanaotaka kuonekana sura, ndiyo yenyewe.

Uzito, hasa kama anasafiri

Jiwe la sentimita 15 kwa 15 lenye unene wa sentimita 1 lina kama gramu 600. La 20 kwa 20 linafika kilo moja, na la 30 kwa 30 karibu kilo mbili na nusu. Kipande cha kaunta cha sentimita 15 kinazidi kilo moja kwa sababu ya unene. Kigae cha kauri cha 15 kwa 15 kina takriban gramu 300. Anayepanda treni ya SGR hana shida kubwa, anayepanda ndege na begi la mkononi atalihisi. Vyote viwili vikidondoka sakafuni vinavunjika, ila jiwe huwahi kumeguka pembe. Seti ya vipande vinne itengwe kwa kitambaa kati ya kimoja na kingine, la sivyo vitakwaruzana vyenyewe njiani. Na kama mnatoa jiwe na chupa ya mvinyo wa Dodoma, msiviweke kwenye boksi moja.

Kwa oda yenyewe, anza na picha, upime pikseli zake, hizo ndizo zitakwambia ukubwa wa juu wa kipande. Kisha chagua jiwe au kigae, ndipo njia ya kuprinti. Omba bei ichanganuliwe: kipande, kuprinti, kisimamio, boksi, kwa sababu kisimamio mara nyingi hukumbukwa mwishoni na kuongezwa juu. Agiza kipande kimoja kwanza, hata kama mnataka 12, mkione kwa macho kabla ya kulipa vilivyobaki. Jina la mpokeaji, mahali palipopigwa picha na mwaka, kama mna uhakika nao, viandikwe mgongoni. Majina ya wanakamati yasikae usoni mwa picha, hata mwenyekiti aombe vipi.